Mtaimbo Chini ya Gari la Wakwe

Zuhura mwanangu,

Namshukuru Mola aliyenibakiza hai mpaka nikaiona wiki hii, na namwomba anipe pia ulimi mpole, kwa sababu leo sina. Nakuandikia nikiwa kwenye stoo ya garaji, nimekalia tairi, karatasi nimeilaza juu ya mfuniko wa sanduku la spana. Nyumbani hapana pa kukaa. Sebuleni wamejaa wanawake, uani masufuria, na chumbani kwako yumo somo wako ambaye amenifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. "Baba Zuhura, humu hamna kazi yako." Sawa. Kazi yangu nitaifanyia huku.

Mambo ya jiko, ya usafi, ya kumwamkia mama mkwe, sitayagusa. Shangazi zako wamekujaza hayo mpaka nakuonea huruma. Mimi nataka kukueleza habari ya lile gari litakalokuchukua kesho asubuhi kwenda Gisenyi, na kwa nini tangu jana watu wa nyumba hii wananitazama kama mtu aliyetemea mate kwenye sinia la pilau. Kelele umezisikia dirishani, najua. Maneno yao umeyasikia. Sikiliza na yangu, maana sitaki uondoke ukidhani baba yako aliwavunjia heshima wakwe kwa kiburi cha ufundi, kama anavyotangaza kaka yangu, baba yako mkubwa Ramadhani.

Wakwe walipofika jana nilikuwa mlangoni na ile kanzu uliyonipigia pasi mwenyewe. Nikawapokea kwa salamu zote, wa kushikwa mkono nikamshika, wa kukumbatiwa nikamkumbatia. Gari likaja nyuma yao likipanda kilima chetu cha Gatsata. Ni gari la zamani la magurudumu manne, lilikuwa la mradi fulani wa Wazungu huko kwao, kisha Mzee Saleh akalinunua. Huyu Mzee Saleh, kama bado hujamweka sawa kichwani, ndiye ami yake Idrisa, bwana harusi wako. Tangu baba yake Idrisa afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo: duka la vitambaa lake, gari lake, na neno la mwisho lake. Alilipeleka gari Goma wakalitia springi ndefu, ili tumbo lisigonge yale mawe ya volkano ya huko. Sasa limesimama juu kama mtu aliyekunja suruali kuvuka matope.

Watu wote wakawa wanalisifu. Mimi macho yangu yakaenda kwenye magurudumu ya mbele. La kushoto limetoka nje ya bodi, la kulia limejificha ndani. Gari linakwenda mbele huku limetanguliza bega, kama mtu anayepenya sokoni.

Wewe umekulia kwenye garaji lakini hili nadhani sikuwahi kukueleza. Chini ya gari la namna ile kuna chuma kirefu kinachopita mshazari, sisi tunakiita mtaimbo. Kichwa kimoja kimefungwa kwenye chesisi, cha pili kwenye ekseli ya mbele. Kazi yake ni kuizuia ekseli isihame kwenda kushoto wala kulia. Springi zinabeba tu, hazishiki. Ukiinua gari na mtaimbo ukabaki na urefu wake wa zamani, unaivuta ekseli upande mmoja. Dawa yake ni mtaimbo wa kurefushwa, wenye nyuzi kama za parafujo. Unauzungusha mpaka ekseli irudi katikati, kisha unaubana kwa nati yake usizunguke tena. Ndiyo hivyo tu. Lakini ukifungwa ovyo, siku moja kwenye kona utafunguka, ekseli itakwenda inakotaka, na usukani utabaki mikononi mwa dereva kama sahani.

Basi nikala, nikacheka inapobidi, halafu nikasema nakwenda kunawa. Nilikwenda kulala chini ya gari.

Zuhura, nimefanya kazi hii tangu sijaota ndevu na nimeona mengi, lakini nilichokiona pale sikuwa nimewahi kukiona. Aliyekifunga alikosa urefu, akaufungua ule mtaimbo mpaka mwisho wa nyuzi. Zilizobaki kushika hazifiki hata upana wa ukucha wangu. Nati ya kubana hakuna. Tundu la kwenye ekseli limelika likawa yai, na bolti iliyomo ni nyembamba, kwa hiyo wakaivisha kipande cha bati ijaze tundu. Lile bati lilikuwa na rangi. Nikalifuta kwa kidole nikaona picha ya ng'ombe. Kopo la maziwa ya unga. Kitu kinachoshika ekseli ya gari litakalombeba mwanangu kwenye milima yote ile mpaka Gisenyi ni kopo la maziwa ya unga.

Nikiwa bado chini nikasikia viatu vimesimama karibu na miguu yangu.

"Mkwe," akasema Mzee Saleh, "umeangusha kitu?"

"Sijaangusha, mzee wangu. Natazama."

"Unatazama nini? Gari iko nzuri. Imetoka Gisenyi mpaka hapa, nta kibazo, hakuna taabu."

Nikatoka chini, kanzu imeshapata mafuta mgongoni. Nikamwambia kwa heshima kwamba bolti ya mbele wameivisha kopo la maziwa. Akawageukia watu waliokuwa wamemfuata nje.

"Mnasikia? Gari yangu inakunywa maziwa. Ndiyo sababu iko na nguvu."

Wakacheka. Nikamwambia usukani nao lazima unacheza.

"Kwa barabara zenu hizi hata mimi nacheza."

Wakacheka tena, na baba yako mkubwa Ramadhani akiwa mmoja wao. Nikasema, mzee wangu, niachie gari mpaka kesho, nitalifunga upya, hutatoa kitu. Hapo uso wake ukabadilika. Akanyoosha kidole kwenye kioo cha mbele, walipoandika kwa rangi ya kijani TUNAMTEGEMEA MOLA.

"Unasoma pale?"

"Nasoma."

"Basi."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na sauti hiyo ndiyo uliyoisikia. Nilisema: Mola hakulikata kopo hili. Amelikata mtu mvivu, akalitia hapa, kisha akaandika jina la Mola juu ya kioo ili lolote likitokea alaumiwe Yeye. Nilisema hivyo, na mbele yako nasema tena. Mimi naswali, mwanangu. Sijioni mtu wa dini kuliko wengine, na kisomo changu unakijua kilipoishia. Lakini jina la Mwenyezi Mungu silitii mahali pa nati. Wengine wanalifanya kuwa kipuri. Breki zikiisha, inshallah. Tairi likibaki uzi, inshallah. Neno lile ni la kumwambia Mungu baada ya kumaliza kazi yako, ukishanawa mikono. Wao wanalisema ili wasichafue mikono kabisa.

Wageni wakarudi ndani. Baadaye kaka yangu akaniita pembeni, na wazee wengine wawili wa msikitini.

"Shabani, wewe ni fundi au ni mkwe?"

"Ni vyote viwili."

"Leo, kesho na keshokutwa wewe ni mkwe. Umewakagua watu kama forodha. Kinacholetwa kumchukua bibi harusi hakikaguliwi na upande wa bibi harusi. Hata wangekuja na punda."

"Punda ningemtazama kwato."

"Unaona ulimi wako? Keshokutwa asubuhi utamwomba radhi mbele ya watu, na lile gari usiliguse."

Sasa hapa, Zuhura, ndipo hasira yangu ilipo mpaka wakati huu ninapoandika. Hakikaguliwi. Wewe je, hukukaguliwa? Nilikuwepo walipokuja mara ya kwanza. Walikupitisha na sinia la chai ili wauone mwendo wako. Mama mmoja wa kwao akakuchekesha ili ayaone meno. Ukasomeshwa sura nzima ya Qur'ani na mzee anakusikiliza kwa macho yaliyofumbwa kama anaonja mchuzi. Wakauliza kwa majirani kama unaamka mapema. Wakamuuliza mama yako, tena bila haya, kama kwenye ukoo wetu kuna kifafa. Sisi tukakaa tumetabasamu, kwa sababu ndiyo desturi, na mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mtoto wangu anakaguliwa kuanzia unyayo mpaka utosi, lakini bolti yao ni heshima ya ukoo, haiguswi. Niambie kama hilo lina akili. Wazee wale niliwauliza hivyo hivyo. Mmoja akasema, "Hayo ni mambo mawili tofauti." Nikamwomba anieleze tofauti. Akaomba maji ya kunywa.

Hasira hii usiichukue uende nayo kwao. Nakueleza tu ilikotoka.

Nilipokuwa kijana, fundi mpya, nililetewa gari la namna hii hii, la padri mmoja wa kule juu Byumba. Nikafunga mtaimbo wake mwenyewe, kwa furaha, gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Nilipima kulia na kushoto, sawasawa kabisa, nikakaza kila kitu kwa nguvu zangu zote, nikalishusha. Lilipokaa chini na uzito wake, springi zikabonyea, ekseli ikahama, na zile bushi za mpira zikawa zimejisokota kama nguo inayokamuliwa. Kipimo changu kizuri kilikuwa cha gari lisilobeba kitu. Padri alirudi baada ya siku chache akaniambia kwa upole kwamba gari linamsomba kwenda mtaroni, na akaniuliza kama nilikuwa nimelipima au nimeliombea tu. Yule padri alikuwa mcheshi, Mungu amweke pema. Tangu siku ile nakaza mtaimbo gari likiwa chini, limebeba uzito wake wote.

Nakwambia hili kwa ajili ya Idrisa na kwa ajili yako. Wakati wa posa sote tulikuwa juu ya jeki. Yeye alikuja na shati jeupe na maneno laini, wewe ukatoka na kanga mpya umeinamisha macho. Tulipimana hivyo. Uzito haujashuka bado. Utakaposhuka, mtoto akiumwa, duka likilala, ami yake akisema neno baya mezani, vitu vitahama kidogo mahali pake. Usishtuke ukadhani umeolewa na mtu mwingine. Ndipo wakati wa kupima kwa kweli, na wa kukaza.

Nirudi kwenye gari. Jana hiyo hiyo alasiri, wageni wakiwa wamelala kwa shibe, nilikwenda kwa jirani yetu mwenye mashine ya kukereza. Nilikuwa na mtaimbo mzima wa gari la aina ile, niliutoa kwenye mkweche zamani nikautunza. Akaukata, akanichongea nyuzi ndefu, za kushika kweli, na nati nene ya kubana. Bushi mpya nilikuwa nazo. Nikarudi nao begani, kaka yangu ananitazama kutoka barazani. Nilikuwa sijui nitaufunga kwenye gari la nani, kwa sababu funguo alikuwa nazo Mzee Saleh.

Leo baada ya swala ya alfajiri nimefungua garaji, nikasikia mngurumo unashuka. Idrisa, peke yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mzee Saleh anajua uko hapa?"

Akaangalia chini. "Nimemwambia nakwenda kutia petroli."

"Kwa nini hukumwambia unakuja kwangu?"

"Ningesema hivyo, ufunguo asingenipa."

Sikulipenda, na nimemwambia sikulipenda. Lakini alivua shati, akalitundika kwenye msumari, akauliza, "Naanzia wapi?" Hilo nililipenda sana.

Tumelifanyia kazi gari likiwa chini, magurudumu yamenyooka. Nilipouchomoa ule mtaimbo wa zamani niliushika mikononi, nikauzungusha kidogo tu, ukaachana vipande viwili. Idrisa akasema, "Mama yangu alikuja ndani ya gari hili jana." Lile tundu lililolika nikalijaza kwa kuchomea, nikalitoboa upya, sawa na unene wa bolti mpya. Tukafunga kwanza upande wa chesisi. Halafu nikampa ufito apime kutoka kwenye chesisi mpaka kwenye rimu, huku na huku, wakati mimi navuta ekseli kwa mnyororo kidogo kidogo.

"Bado, baba. Bado. Hapo."

"Umeangalia vizuri au umechoka?"

"Nimechoka, lakini nimeangalia vizuri."

Nikauzungusha mtaimbo mpaka tundu likakutana na tundu na bolti ikaingia kwa kusukumwa na kidole. Ndivyo inavyotakiwa, mwanangu, iingie kwa kidole. Ukiona unatafuta nyundo, kuna mahali umejidanganya. Akakaza yeye, mimi nikakaza juu yake, kisha nati ya kubana. Usukani ulikuwa umebaki upande, kwa sababu walizoea kuushika hivyo, tukaurudisha sawa pia.

Unaijua desturi ya garaji hii: aliyefunga kitu cha usukani au cha breki lazima apande kwenye gari linapotoka mara ya kwanza. Aliyekaza ndiye anayekaa. Nikapanda, Idrisa akashika usukani. Tukashuka mpaka Nyabugogo, tukazunguka, tukaenda kulijaribu kwenye njia ya vumbi ya Kinyinya, ile yenye mashimo. Wakati wa kurudi akasema polepole, "Baba, kumbe nilikuwa napigana nalo. Nilidhani ndivyo lilivyo." Nikamwangalia, nikaona nimempenda. Nilikuwa bado sijampenda, Zuhura. Nilikuwa nimemkubali tu.

Kisha akaniomba nisimwambie ami yake mpaka harusi ipite na wafike kwao, atamwambia mwenyewe. Nikampa neno langu. Pengine nimekosea. Mimi mtu akishavua shati akashika spana nami, sina nguvu ya kumnyima kitu.

Sasa sikia kilichotokea baada ya swala ya adhuhuri. Mzee Saleh amechukua gari kwenda mjini na kurudi. Ameshuka pale uani, watu wote wapo, amepiga kofi bodi la gari kama mtu anayempiga mgongoni rafiki.

"Mkwe, njoo uone. Jana ulisema usukani unacheza. Nimeendesha kwa mkono mmoja. Imenyooka kama mswaki. Nilikwambia iko nzuri."

Ramadhani akaniangalia kwa jicho la unaona sasa. Wale wazee wawili wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Tumshukuru Mungu, na Shabani ajifunze kunyamaza." Idrisa alikuwa amesimama nyuma ya ami yake, anakwangua mafuta chini ya ukucha. Mafuta yangu, ya garaji yangu. Na mimi nilishatoa neno. Nimesimama pale nikiwa na maneno mdomoni ya kutosha khutba nzima, nikayameza. Nikasema, "Alhamdulillahi, mzee wangu, nimefurahi." Mama yako, anayenijua, aliniletea maji bila kuombwa.

Kesho asubuhi nitamwomba radhi mbele ya watu, nimekubali. Nilimpandishia sauti mgeni ndani ya ua wangu, hilo ni kosa, na kwa kosa hilo nitaomba radhi kwa moyo mweupe. Kwa bolti sitaomba radhi. Wakinisukuma niombe, nitakuwa mkwe mbaya kwa siku moja.

Lakini kuna jambo limebaki, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Bushi mpya zikishatembea njia ndefu hukaa mahali pake, na zikikaa, bolti inalegea kidogo. Ni lazima gari lisimamishwe njiani, bolti ikazwe tena. Mahali pake ni Ruhengeri, kabla ya kuendelea na zile kona. Mimi desturi ya garaji inanitaka nipande, desturi ya harusi inanikataza, baba hamfuati bibi harusi. Hilo nimeliwaza siku nzima na halina njia. Idrisa ameniahidi atasimama. Naiamini mikono yake. Mdomo wake bado. Atakayeketi kwenye usukani kesho ni Mzee Saleh, mkono mmoja, ana furaha, na hajui kama kuna kitu cha kukaza. Idrisa atataka kusema, atamwangalia ami yake, atasema mbele kidogo, na mbele kidogo tena, mpaka Ruhengeri ipite. Najua, kwa sababu asubuhi alisema petroli.

Mimi sikumwahidi kwamba sitakwambia wewe. Wala yeye hakuniomba.

Nimepiga mstari wa rangi nyeupe unaovuka nati na bolti, upande wa kulia, nyuma ya gurudumu la mbele. Ukiinama tu utauona, huna haja ya kulala chini na nguo za harusi. Mstari ukiwa umenyooka, mshukuru Mungu, na mkaze hivyo hivyo. Ukiwa umekatika, upande mmoja umeachana na mwingine, basi usirudi ndani ya gari mpaka Idrisa ameikaza nati. Spana yake nimeiweka kwenye kapu lako la vyombo, nimeizungushia kanga. Mama yako amesema itachafua kanga. Nimemwambia nitanunua nyingine.

Na hapa nina la mwisho. Tulipokuwa tumeoana karibuni, mimi na mama yako tulikuwa tunakwenda Butare kwa gari la mteja. Karibu na Gitarama mama yako akasema, "Simama, nimechefukwa." Nikasimama. Akashuka, akakaa kwenye nyasi, na mimi kwa kukosa la kufanya nikazunguka gari, nikakuta nati za gurudumu la nyuma zimelegea, mbili zimeshaanguka. Nikasema bahati gani hii. Kwa miaka nimeisimulia kama habari ya bahati. Juzi, tunashona mapazia ya harusi yako, nikamsimulia tena shangazi yako, na mama yako akasema bila kuinua macho, "Sikuwa nimechefukwa. Nilikuwa nalisikia linatikisika chini yangu tangu daraja la Nyabarongo." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Wewe ndiye fundi. Ningekwambiaje?" Akakata uzi kwa meno akaendelea.

Sijui ni mara ngapi alichefukwa katika nyumba yangu, Zuhura, na mimi nikamletea limau.

Sitaki uchefukwe Ruhengeri. Mkifika kwenye kituo cha petroli mwambie Mzee Saleh asimame, umwite ami kwa adabu yote uliyofundishwa na shangazi zako. Atauliza kuna nini. Wanawake watakaokuwa nyuma pamoja nawe watataka kukusaidia, watasema bibi harusi kichwa kinamuuma, bibi harusi ana joto, bibi harusi amemkumbuka mama yake. Wasikusemee. Idrisa naye atakuangalia, na hapo utajua kama anataka kusema pamoja nawe au anataka uwe na kizunguzungu. Hata akitaka kizunguzungu, usimpe. Sema ami, kuna nati inataka kukazwa. Kisha fungua mlango, ushuke.

Mwenyezi Mungu awasimamishe salama na awafikishe salama.

Baba yako,
Shabani